Kwa nini Lucien Van Impe alishinda Tour de France mara moja tu?

Mteremko: Wakuu, naomba kueleweshwa. Van Impe, mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, alikuwa mfalme wa milima wa Tour mara 6 (1971, 1972, 1975, 1977, 1981 na 1983), ila jezi ya njano, ya anayeongoza mbio nzima, aliivaa hadi mwisho kule Paris mwaka 1976 tu. Kama alikuwa anapanda vile, muda alikuwa anaupoteza wapi?

GiyaNdogo: Hizo ni hesabu mbili, mkuu. Ufalme wa milima ni pointi: ukitangulia kileleni unazichukua, hata ukishikwa kwenye mteremko hakuna wa kukunyang'anya. Jezi ya njano ni jumla ya muda wa siku zote, tambarare na upepo vikiwemo.

Halafu angalia mwili wenyewe, kama kilo 59. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, kila kilo inadai takriban wati 4.4 ili tu ipande. Mpinzani mwenye kilo 69 lazima atoe wati 44 zaidi ndipo abaki ubavuni mwake. Tambarare adui ni hewa, na mtu mwembamba bado anaziba upepo karibu sawa na mnene, huku misuli yake ina wati chache. Katika mbio za kushindana na saa hakuna hata mgongo wa mwenzako wa kujifichia. Dakika zake nyingi ziliishia huko.

Bondeni: Sawa, ila umeruka mbinu. Van Impe alizoea kuchomoka karibu na kilele, anachukua pointi, basi. Mwaka 1976 kocha wa timu ya Gitane, Cyrille Guimard, alimlazimisha kushambulia mapema kwenye hatua (mbio za siku moja) ya kwenda Saint-Lary, inayoishia juu ya mlima Pla d'Adet. Inasimuliwa kwamba Van Impe alisita, Guimard akamfuata na gari akimtishia kumsukumia nje ya barabara! Mwendesha baiskeli mwenzake Luis Ocaña akasaidia kuvuta bondeni, mahali ambapo mpandaji aliye peke yake huchoka bure. Mpinzani wake Joop Zoetemelk alifika zaidi ya dakika 3 nyuma, na Paris pengo likawa dakika 4 na sekunde 14. Tusisahau pia kwamba Eddy Merckx, bingwa wa Tour wa miaka ya nyuma, hakushiriki mwaka ule, na Thévenet, bingwa wa 1975, alijitoa njiani.

Mteremko: Na 1977 ilikuwaje? Si alikuwa na fomu ileile?

Bondeni: Guimard hakuwa naye tena, Van Impe alishahamia timu ya Lejeune. Siku ya hatua iliyoishia juu ya mlima Alpe d'Huez alichomoka kwenye mlima wa kabla yake, Glandon, yaani mbali mno na mwisho, kisha kuna bonde refu lenye upepo kabla ya mlima wa mwisho. Akaishiwa nguvu, na juu ya hayo gari likamgonga akiwa anapanda. Mpinzani Hennie Kuiper akashinda hatua, Thévenet akaokoa jezi ya njano kwa sekunde 8. Van Impe alimaliza wa tatu kwa jumla.

GiyaNdogo: Gari linatajwa sana, ila kwangu kosa lilikuwa lile bonde. Ukiwa na kilo 59, usitoroke peke yako pale penye tambarare kati ya milima miwili. Subiri mlima wa mwisho, au hakikisha una Ocaña wako wa kukuvuta.