Tupeane uzoefu: umekabidhiwa asasi, ulianzia wapi kuzielewa hesabu zake?

Wakuu, habari za majukumu. Wengi tunaopewa ukurugenzi wa asasi hizi tumetokea kwenye miradi. Jamii tunaijua, maandiko tunaandika, ila zikiwekwa mezani taarifa za fedha tunatikisa kichwa tu. Naanza na yangu, nanyi shusheni zenu.

Bodi ilikuwa inajisifu kwamba benki kuna milioni 80. Nikamwomba mhasibu azigawe kwenye karatasi moja: za nani, za kazi gani. Milioni 62 ni za mfadhili wa mradi mmoja, haziruhusiwi kwenda kwingine. Milioni 9 ni kodi na makato ya mishahara ambayo bado hayajapelekwa. Zetu wenyewe milioni 9, na wafanyakazi wasiobebwa na mradi wowote wanakula milioni 4 kwa mwezi. Karatasi hiyo naidai kila mwezi, kabla hata ya kufungua taarifa ya mapato na matumizi.

Kalamu Nyekundu: Umegusa penyewe. Kwetu mfadhili mkubwa analipa baada ya kazi kufanyika na risiti kukaguliwa. Kwenye vitabu mapato yapo, kwenye akaunti hakuna hata hela ya mafuta ya gari. Mkurugenzi mpya adai makisio ya fedha zitakazoingia na kutoka, mwezi kwa mwezi. Bajeti ya mwaka haikuonyeshi kwamba mwezi wa nne mtakwama.

Mkaguzi Mstaafu: Msilewe hati safi ya ukaguzi. Hati safi inasema vitabu vinaonyesha hali ilivyo, haisemi hali ni nzuri. Tafuteni barua za mkaguzi kwa menejimenti, zile anazoorodhesha kasoro alizokuta, za miaka mitatu mfululizo, mzilaze pamoja. Hoja ileile ikijirudia, mfano usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki) kutofanyika kwa wakati, hapo ndipo pa kuchimba. Na someni majibu ya menejimenti pia. "Tutalifanyia kazi" kila mwaka ni jibu tosha.

Vocha: Dai pia orodha ya masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha watu walizochukua kwa kazi bila kuleta hesabu yake. Mimi nilikuta jina la mtangulizi wangu liko juu kabisa. Naishia hapo.

Mgeni Kitini: Swali wakuu. Ukimuuliza mhasibu maswali yote hayo, si ataona unamtuhumu?

Kalamu Nyekundu: Inategemea unavyouliza. Mimi nilichukua hati moja ya malipo, nikamwambia anitembeze toka mwanzo: nani aliomba, nani aliidhinisha, nani alisaini hundi, nani alipokea mzigo. Tulipofika kwenye ukurasa ambao saini moja imejaza nafasi tatu, na si yake, akashusha pumzi: "Bosi, hili nililiandikia barua." Akaifungua droo akanitolea nakala.

Mgeni Kitini: Kesho nami naomba hati moja ya malipo.