Prednisoloni, mwezi wa tatu wa matibabu: kipi cha kawaida, kipi cha hatari kwa mbwa?

Swali
Mbwa jike wa kilo 20, kinga ya mwili wake ilikuwa inaua chembe nyekundu za damu. Alianza prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga) miligramu 40 kwa siku, sasa anapewa 20. Vipimo vya damu vimerudi vizuri. Ila anakunywa maji mno, anahema usiku, tumbo limeshuka na mapaja yamekonda. Juzi ameanza kuchechemea mguu wa nyuma. Meloksikamu, dawa ya maumivu, ipo nyumbani, nimpe? Na prednisoloni niache sasa?

Jibu 1
Meloksikamu usimpe kabisa, wala kaprofeni, dawa nyingine ya maumivu ya aina hiyo. Dawa hizo na steroidi, kila moja hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Zikichanganywa vidonda hutokea, na utumbo unaweza kutoboka. Ukiona kinyesi cheusi kinachonata kama lami, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Goti nalo likaguliwe, maana steroidi za muda mrefu hulegeza ligamenti zake, na misuli iliyokonda haiwezi kulishikilia.

Jibu 2
Naunga mkono. Kuacha ghafla pia ni hatari, tena kwa njia mbili: ugonjwa unaweza kurudi, na tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ambazo zimelala kwa sababu dawa inafanya kazi yao, hazitaamka mara moja. Mbwa hutapika, huishiwa nguvu, hata kuanguka.

Kwa ugonjwa huu kawaida dozi hupunguzwa kwa robo kila wiki 3 hivi, na damu hupimwa kabla ya kila hatua. Kwa vidonge vya miligramu 5: kutoka vinne kwenda vitatu, kisha viwili na robo. Chembe nyekundu zikishuka, hakuna kuendelea kupunguza. Kama madhara yanamlemea, muulize daktari kuhusu kuongeza azathioprini au siklosporini, dawa nyingine za kutuliza kinga, ili steroidi ishuke mapema.

Muuliza swali
Asanteni, meloksikamu nimeiweka kando. Anakojoa ndani. Nimwondolee maji usiku?

Jibu 3
Hapana, tafadhali. Figo zake zinapoteza maji kwanza, ndiyo maana anakunywa, ukimnyima atakauka. Mtoe nje mara nyingi zaidi. Pima anachokunywa kwa saa 24: zaidi ya lita 2 kwa mbwa wa kilo 20 ni nyingi, na kwa dozi hii hilo linatarajiwa.

Kinachosahaulika ni maambukizi ya kibofu. Steroidi huficha dalili, kwa hiyo mbwa hajikamui wala halii. Omba mkojo uoteshwe maabara, uliochukuliwa kwa sindano moja kwa moja kibofuni. Kipimo cha karatasi inayochovywa kwenye mkojo pekee hakitoshi. Kimeng'enya cha ALP, kinachopimwa kwenye damu, kikiwa juu, peke yake hakimaanishi ini limeharibika, kwani steroidi yenyewe hukipandisha kwa mbwa.

Kagua pia ngozi ya shingo, mgongo na kinena. Mabaka magumu yenye chembe nyeupe ni chokaa inayojijenga ndani ya ngozi. Hayo yakitokea, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata kupangwa.

Jibu 2
Nyongeza: akihitaji upasuaji wa goti, daktari wa upasuaji ajue dozi na tarehe aliyoanza dawa. Adrenali huchukua wiki hadi miezi kurudi kazini, na siku ya upasuaji anaweza kuhitaji steroidi ya ziada.