Naomba ushauri: kuigeuza besimenti kuwa nyumba ya kupangisha kihalali

Msingi Imara (mwenye uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nyumba ninayoishi ina besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, ya takribani mita za mraba 55, ambayo kwa miaka yote imekuwa stoo ya viti vilivyovunjika na masanduku ambayo hakuna anayekumbuka yana nini. Nakusudia kuigeuza iwe makazi kamili ya mpangaji, yenye chumba cha kulala, sebule, jiko, bafu na mlango wake wa kuingilia. Sitaki njia za mkato: nataka iwe na kibali, ipite ukaguzi na itambuliwe na bima.

Vipimo nilivyochukua jana kwa futikamba ni hivi. Kutoka sakafu ya zege hadi kwenye boriti za sakafu ya juu ni mita 2.21, na chini ya bimu ya chuma iliyokatiza katikati ni mita 1.98. Dirisha pekee la chumba ninachotaka kiwe cha kulala lina upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 40, na ukingo wake wa chini uko mita 1.5 kutoka sakafuni. Ukuta mmoja una unga mweupe unaobaki kidoleni ukiugusa. Fundi niliyemwita anasema tuanze na vigae na rangi, mengine tutayaona mbele ya safari. Je, nianzie wapi?

Kipimo Kwanza

Ndugu, mwombe fundi asubiri. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, nenda ofisi inayosimamia mipango na ujenzi ukaulize swali moja: je, kiwanja chako kinaruhusiwa kuwa na makazi mawili? Besimenti inaweza kutimiza kila kipimo na bado ikakataliwa kwa sababu eneo limetengewa familia moja kwa kila nyumba.

Wakikubali, tatizo lako la kwanza ni kimo. Kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo zako uzichukue hukohuko, lakini kwa mfano Kanuni ya Kimataifa ya Nyumba za Makazi, ambayo ndiyo msingi wa sheria za ujenzi katika majimbo mengi ya Marekani, hudai milimita 2134 kwa vyumba vya kuishi, na chini ya bimu huruhusu hadi milimita 1931. Bimu yako ingepita kama ilivyo sasa, lakini ukiinua sakafu kwa milimita 50 inabaki 1930, yaani pungufu kwa milimita moja. Dari nayo inanitia shaka, kwa kuwa milimita 2210 ulizopima ni za jengo tupu. Ukifunga tabaka mbili za jipsamu za milimita 16 juu ya reli zake, umepoteza kama milimita 45. Ukiweka sakafuni povu la kuzuia baridi na mbao juu yake, milimita 50 nyingine zimekwenda. Unabaki na 2115, yaani umepungukiwa na takribani sentimita mbili, na mkaguzi hapimi kwa huruma. Kwa hiyo amua leo unene wa sakafu yako, si siku ya kuchagua vigae.

Haraka Haraka

Mbona mnamtisha mwenzetu? Watu wengi wamewapangisha ndugu na marafiki katika besimenti bila kibali chochote na maisha yanaendelea. Piga rangi, weka kitanda, kodi iingie.

Mama Wapangaji

Mwanangu, yanaendelea mpaka siku ya moto au mafuriko, ambapo kampuni ya bima itauliza kama makazi yale yalisajiliwa, na mpangaji mwenye wakili atauliza swali hilohilo. Na usidhani kwamba ndugu hushitaki kidogo kuliko mgeni.

Mimi nilikuwa na kibali na bado niliumia, kwa sababu mafundi wangu walifunga kuta na dari kabla mkaguzi hajaona nyaya na mabomba. Alipofika alitazama jipsamu mpya iliyokwisha kupakwa rangi, akanitaka nifungue sehemu aone. Tulibomoa karibu nusu ya dari. Ndipo ikaonekana kwamba tundu lililopitisha bomba la maji taka kwenda juu lilikuwa limeachwa wazi, kubwa kiasi cha kupitisha ngumi, wakati dari ile ndiyo iliyotakiwa kuzuia moto kwa saa nzima kati ya makazi mawili. Nilikasirika sana, lakini sikuwa na la kumjibu.

Mwashi Mstaafu

Naomba nizungumzie dirisha, maana hapo wengi hudanganyika. Dirisha la chumba cha kulala chini ya ardhi ni mlango wa kutorokea moto, na pia ni njia ya mzimamoto kuingia akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Kwa kanuni aliyoitaja Kipimo Kwanza, uwazi unatakiwa usipungue upana wa milimita 508 na kimo cha milimita 610, na ukingo wa chini usizidi milimita 1118 kutoka sakafuni. Mtu husoma vipimo hivyo viwili, akaagiza dirisha la 508 kwa 610, kisha akakataliwa, kwa sababu ukizidisha unapata mita za mraba 0.31 tu, na kanuni inataka 0.53, au 0.46 kwa dirisha lililo usawa wa ardhi au chini yake.

La kwako lina upana wa kutosha. Ukikata ukuta kwenda chini tu, bila kuongeza upana, ile linta (bimu fupi) iliyopo juu ya dirisha inabaki ikibeba mzigo uleule, ingawa mhandisi wa miundo bado aidhinishe. Ukingo ukishuka hadi sentimita 90, unapata uwazi wa sentimita 80 kwa 100. Chagua dirisha linalofunguka lote kama mlango, kwa sababu la kutelezesha hukupa nusu tu, na nusu ya 0.8 haifiki. Nje utachimba shimo lenye kuta mbele ya dirisha. Likizidi kina cha milimita 1118, liwekewe ngazi ya kudumu, na chini yake kuwe na njia ya kutoa maji, la sivyo umejenga birika.

Mtu akikushauri upate kimo kwa kuchimba sakafu, mwambie kwamba kuchimba kando ya msingi kunaweza kuuondolea udongo unaoushikilia. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi vinavyopishana, kwa michoro ya mhandisi.

Kipimo Kwanza

Huo unga mweupe ni chumvi inayoachwa na maji yanayopita ukutani na kukauka. Bandika ukutani hapo kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, uzibe kingo zote kwa utepe, uache angalau saa 16. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani; yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa. Pima pia radoni, gesi ya mionzi isiyo na harufu itokayo ardhini: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kiwango kisizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo ya hewa. Vitambua moshi viunganishwe ili kimoja kikilia vilie vyote, juu na chini.

Msingi Imara (mwenye uzi)

Nashukuru sana. Nailoni niliibandua leo asubuhi: matone yote yalikuwa upande wa ukutani. Nilitoka nje kutazama upande wa pili wa ukuta huo, nikakuta bomba la mfereji wa paa linamwaga maji palepale, hatua moja kutoka msingini, na udongo umebonyea kuelekea nyumbani. Fundi nimempa kazi ya kulisogeza bomba na kuinua udongo. Keshokutwa nina miadi katika ofisi ya mipango, nami nitakwenda na mchoro wenye vipimo vyote.

Mwashi Mstaafu

Vizuri. Mvua ya kwanza ikipita, bandika nailoni tena mahali palepale.