Njia ya hewa kwa wagonjwa wa upasuaji wa kupunguza uzito

Mtaalamu wa usingizi (swali)
Habari zenu, wenzangu. Hospitali yetu imeanza karibuni kupokea wagonjwa wanaokatwa sehemu ya tumbo ili wapungue uzito. Wiki iliyopita nilimpokea mama wa kilo 138 na urefu wa sentimita 160, ambaye alipokuwa ameketi alifungua mdomo vizuri na koo lake likaonekana bila taabu. Nikamlaza chali, nikampa dawa, na mrija wa kupumulia ukapita kooni katika jaribio la pili, lakini kufikia hapo oksijeni ya damu ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 99 hadi 81. Je, BMI kubwa (uzito ukilinganishwa na urefu) ndiyo iliyonisumbua, au kuna jambo nililoruka?

Daktari wa usingizi
Pole, kaka. BMI peke yake ni mtabiri dhaifu. Shingo husema zaidi. Mtafiti Brodsky na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mzunguko wa shingo wa sentimita 40 uliambatana na uwezekano wa takriban 5 kwa 100 wa kupata shida ya kupitisha mrija, na wa sentimita 60 takriban 35 kwa 100. Utepe wa fundi cherehani unatosha, nao upite usawa wa kikoromeo. Muulize pia mwenzi wake kama mgonjwa hukoroma na kukata pumzi akiwa usingizini.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, kilichokuangusha ni akiba ya hewa kuliko mrija wenyewe. Mnene sana anapolala chali, tumbo husukuma kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) juu na mapafu hubaki na hewa kidogo, kiasi kwamba mtu mwembamba mwenye afya, akiwa amevutishwa oksijeni ipasavyo, anaweza kukaa dakika kama 8 bila kupumua kabla oksijeni haijashuka hadi 90, ilhali huyu mama huenda asifikishe hata 3.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji
Naongeza la kitandani, maana huwa tunalichukulia kama kazi ya kupanga mito tu. Sisi hukunja shuka na mablanketi kuanzia chini ya mabega hadi kichwani, kisha nasimama pembeni na kutazama: tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo cha juu ya mfupa wa kidari. Mto mmoja chini ya kichwa haufikishi hapo, bali huinamisha kidevu kifuani. Halafu tunainua upande wa kichwa wa kitanda nyuzi 25 hivi, na oksijeni anavutishwa akiwa hivyo hivyo, barakoa ikiwa imebana usoni. Mpangeni angali macho, kwa sababu akishalala hamtamnyanyua.

Daktari wa usingizi
Dada amesema kweli. Laringoskopu ya video, yaani kifaa chenye kamera cha kutazamia koo, iwe mkononi tangu jaribio la kwanza, isisubiri ushindwe. Saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, hukokotolewa kwa uzito halisi, lakini propofoli, dawa ya kulaza, kwa uzito usio na mafuta, la sivyo utazidisha. Kwa mnene ambaye kikoromeo hakipapasiki, mwongozo wa Uingereza wa 2015 ulitaka mkato wa wima wa sentimita 8 hadi 10 shingoni iwapo njia nyingine zote za kumpa hewa zimeshindwa, kwa hiyo weka alama mapema, mgonjwa akiwa macho.

Mrija usitolewe kwa haraka. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 uliwakuta wanene wengi mno miongoni mwa waliopata madhara makubwa ya njia ya hewa, na baadhi ya ajali zilitokea wakati wa kutoa mrija. Aamke kabisa, aketishwe, na nguvu za misuli zipimwe kwa kifaa, si kwa kumwambia ainue kichwa.

Mtaalamu wa usingizi
Nashukuru sana. Kwa mama yule niliweka mto mmoja tu. Mgonjwa wa Jumatano nimempima leo wodini: shingo sentimita 46, na mkewe anasema humtikisa usiku ili apumue. Nimeomba kitanda cha uangalizi na mashine ya kusukuma hewa baada ya upasuaji. Isipopatikana, nitamwomba daktari mpasuaji tuahirishe.