Naomba ushauri: chumba ndani ya kitabu, kurasa zinajikunja

Wadau habari zenu. Nina kitabu kinene cha sheria cha zamani, jalada gumu, unene kama sm 6, nakichimba katikati nitengeneze chumba kidogo cha nyumba ya kizamani ya Lamu, kile chenye zidaka (vile vishubaka vya kuwekea vitu) ukutani na kitanda cha samadari. Skeli nimechagua 1:24, yaani kila kipimo halisi nakigawa kwa 24, maana kitanda cha mita 2 kinakuwa sm 8 na kidogo, ile 1:12 ya nyumba za wanasesere haiingii kabisa.

Sasa shida ni gundi. Nazipaka kingo za kurasa gundi nyeupe ya mbao niliyoichanganya na maji, nabana na ubao na matofali juu, lakini nikifungua asubuhi kurasa zimefanya mawimbi, hasa zile za katikati, na hapa Mombasa na unyevu huu ndo kabisaa. Je nipake bila maji? Au nikate kwanza ndo nigundishe? Kukata kwenyewe sina neno, kisu cha karatasi na rula ya chuma, kurasa chache chache, ukilazimisha nyingi shimo linaenda upande.

Zidaka nimeshaanza kwa kadibodi ya boksi la viatu na jasi, zinapendeza mno jamani.

La pili ni taa. Nataka LED moja ya njano na betri bapa ya volti 3, ila nikiificha nyuma ya ukuta ikiisha nitaibadilishaje bila kubomoa? Mlioshawahi mnaifichaga wapi?