Muhogo wa mbegu bora umeoza ndani: tatizo ni mbegu, au ni mimi?

MwanaMwakirunge

Assalaam aleikum, wanajamvi. Nina eka moja na nusu huku Mwakirunge, ambako marehemu baba alikuwa akipanda muhogo aina ya Kibandameno tangu nilipokuwa mtoto. Misimu ya karibuni majani ya Kibandameno yamekuwa yakijikunja na kuingia mabaka ya manjano, mpaka jirani akanishauri nihamie aina zilizoboreshwa. Nikanunua mzigo wa miti ya muhogo kwa mchuuzi aliyeniambia kuwa ni Tajirika. Shamba likapendeza kweli, majani mapana na ya kijani kibichi, hata wapita njia wakanisifu. Juma lililopita, shamba likiwa na umri wa miezi kumi na minne, nilianza kung'oa. Kwa nje mizizi ni minene na safi, lakini nilipoikata nilikuta madoa makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa, na mingine haifai hata kwa mbuzi. Nimesikitika mno. Naomba mwenye ujuzi anieleze: utafiti ulioboresha aina hii uliboresha nini hasa? Je, nirudie Kibandameno cha baba? Na je, ni kweli kwamba hizi ndizo zile mbegu zilizobadilishwa jeni?

BwanaShambaMstaafu

Wa aleikum salaam, mwanangu, na pole kwa hasara. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Lililokuwa likikunja majani ya Kibandameno ni batobato, ambalo huonekana kwa macho tangu mmea ungali mchanga. Ulilolikuta ndani ya mizizi ni michirizi ya kahawia, nalo ni ugonjwa wa kificho, kwa sababu mmea unaweza kusimama ukiwa na majani ya kupendeza huku mizizi ikiharibika chini ya udongo bila mwenyewe kujua. Yote mawili husababishwa na virusi, na yote mawili huenezwa na inzi weupe, wale wadogo wanaojificha chini ya jani. Lakini anayeyasafirisha mbali kuliko inzi ni sisi wenyewe, tunapobeba pingili za mmea mgonjwa kutoka shamba moja hadi jingine.

Umeuliza utafiti uliboresha nini, nami nitakujibu kwa kuanzia mbali kidogo. Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, kwa hiyo ulipokutana na virusi vya huku haukuwa na silaha yoyote. Katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara upande wa Tanga, mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na yeye pamoja na wenzake wakatafuta ukinzani kwa jamaa wa mwitu wa muhogo. Jamaa mmoja alikuwa karibu nao: mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Waliuchanganya na muhogo, kisha watoto wake wakachanganywa tena na muhogo kizazi baada ya kizazi, ili ukinzani ubaki na lile umbo la mti-mti lipotee. Miongoni mwa uzao wa kazi hiyo ni aina ambayo huku Pwani tunaiita Kaleso na wenzetu wa Tanzania wanaiita Namikonga. Ni mmea mmoja wenye majina mawili, na hadi leo watafiti huutumia kama mzazi wanapotaka kupambana na michirizi ya kahawia. Mihogo ya Amani ilifika pia Ibadan, Nigeria, kwenye taasisi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1967, ikawa msingi wa aina nyingi zinazokinza batobato.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye jibu lako. Ukinzani si kinga kamili. Aina kinzani ni ile ambayo virusi huingia kwa shida, hujaa polepole, na hudhuru kidogo. Ukiipanda kwa pingili zilizokwisha kuugua, au ukiiacha ardhini muda mrefu mno, nayo itachoka. Miezi kumi na minne ni mingi kwa shamba ambalo hujui vipando vyake vimetoka wapi. Katika maeneo yenye ugonjwa huu, afadhali uvune mwezi wa tisa au wa kumi kabla madoa hayajaenea. Tena unasema uliambiwa kuwa ni Tajirika. Kuambiwa si ushahidi. Miti ya muhogo ikishakatwa na kufungwa mzigo, mimi mwenyewe niliyeshinda nayo zaidi ya miaka thelathini sithubutu kuapa kuwa ni aina gani.

MamaKachri

Namuunga mkono Mzee, ila naomba kuongeza la upande wetu sisi tunaonunua. Mimi nakaanga kachri na kupika muhogo wa nazi, na muhogo wangu naununua soko la Kongowea alfajiri. Mteja wa Mombasa hajali muhogo umezaa tani ngapi. Anataka uive upesi, uwe laini wenye unga, na usiwe na uchungu. Ndiyo maana Kibandameno hakijafa pamoja na maradhi yake yote: ni kitamu, na kinaiva vizuri. Nimewahi kuletewa muhogo mnene uliosifiwa sana, ukachemka muda mrefu bila kulainika, tui likanikatikia bure. Nasikia siku hizi watafiti huwaita wakulima waonje kabla aina haijatolewa, na hilo ni jambo jema, lakini wakumbuke kuwaita na wapishi. Kuhusu madoa ya kahawia, dada zangu wauzaji sokoni hukata ncha ya kila muhogo kabla ya kupima, na ukiwa na doa hata moja bei huporomoka.

MwanafunziWaMimea

Shikamooni wakubwa. Kuhusu jeni, ndugu yetu asiwe na wasiwasi. Tajirika, Shibe, Karembo na Siri ni mihogo iliyopatikana kwa uzalishaji wa kawaida na kufanyiwa kazi katika kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa. Muhogo uliobadilishwa jeni ni jambo jingine: mwezi Juni 2021, mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliidhinisha mmoja uitwao 4046, uliotengenezwa kutokana na aina ya TME 204 ili ukinze michirizi ya kahawia, uingie kwenye majaribio ya kitaifa.

Wengi hudhani kuchanganya mihogo ni kazi ya msimu mmoja. Kila mbegu inayotoka kwenye tunda la muhogo ni mtoto wa peke yake, halingani sawasawa na mama wala baba, kwa hiyo mtafiti huotesha maelfu, huchagua wachache, huwazidisha kwa pingili, huwapanda mahali mbalimbali, na huwaangalia mwaka hadi mwaka. Kutoka chavua hadi jina rasmi inaweza kupita miaka minane hadi kumi, na kuna aina za muhogo ambazo hazitoi maua kwa urahisi hata ukizibembeleza.

MwanaMwakirunge

Nawashukuru sana. Nusu ya shamba sijaing'oa. Jana nilikwenda nikafukua pembeni mwa kila shina na kukata mzizi mmoja mmoja. Upande wa mnazi nimepata mashina kumi na moja yasiyo na doa, nikayafunga kamba nyekundu. Je, naweza kuchukua vipando hapo kwa ajili ya mvua ya vuli?

BwanaShambaMstaafu

Kamba nyekundu ni wazo zuri, ila mzizi mmoja hautoshi. Kata yote ya shina hilo siku utakayovuna, na ukiona doa popote, shina lote litoke, lisipandwe. Chukua pingili sehemu ya katikati ya shina, si ncha laini wala kisiki. Hata hivyo hayo yawe akiba tu, maana virusi vinaweza kuwemo bila doa kuonekana. Fika Mtwapa uulizie vipando safi mapema, kabla ya mvua, kwa kuwa mvua ikishaanza kila mtu huvitaka na huwa havitoshi. Na ukivipata, usivipande ukingoni karibu na kile Kibandameno cha jirani chenye batobato.