Lualaba inaishia wapi na Kongo inaanzia wapi?

MwanaUjiji: Wakuu, nisaidieni. Kwenye ramani ya ukutani, mto unaopita Kindu umeandikwa Lualaba. Nikiufuata kwa kidole hadi Kisangani, ghafla ni Kongo. Sioni makutano yoyote ya maana pale. Nani kaukata?

MpakiaMchele: Maporomoko, mkuu. Nimefanya biashara ya mchele njia hiyo. Unapakia Kindu kwenye boti ya mbao yenye injini, unateremka kama kilomita 300 hadi Ubundu, basi, safari ya maji imekwisha. Mbele ni Boyoma, maporomoko saba yaliyofuatana kwa zaidi ya kilomita 100. Wabelgiji walijenga reli ya kuyazunguka, lakini enzi zangu ukiisubiri treni mchele unaota ukungu. Tulikodi vijana wa baiskeli: magunia yamefungwa kotekote, fimbo imekazwa kwenye usukani, kijana anatembea pembeni akisukuma. Ukishafika Kisangani unapakia upya, na meli inateremka hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, bila poromoko. Mto wa wenye meli kubwa unaanzia hapo, na wachora ramani naona waliwafuata wao. Sisi wa Kindu hatukuulizwa.

Tena wageni walichelewa kujua ni mto mmoja. Livingstone alifika Nyangwe, juu ya Kindu, mwaka 1871 akadhani kaupata Nile! Stanley aliondoka hapo 1876, Tippu Tip akimsindikiza mwanzoni, akatokea mji wa Boma, karibu na mdomo wa mto huu huu, 1877.

WaNakonde: Kwa urefu, chanzo ni chetu Zambia. Mto Chambeshi unaingia ziwa Bangweulu, unatoka ukiitwa Luapula, unapita ziwa Mweru, unatoka ukiitwa Luvua, ndipo unakutana na Lualaba pale Ankoro.

MpakiaMchele: Kwa urefu sibishi. Ila wa kwetu unatoka nyanda za Katanga, na baada ya Ankoro jina lililobaki ni Lualaba. Na wewe wa Ujiji usikae pembeni: mto Malagarasi unamwaga ziwa Tanganyika, ziwa linatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga unaingia Lualaba jirani na Kabalo.

MwanaUjiji: Kumbe! Halafu ramani ya ofisini kwetu imeandika mto Zaire. Huo nao ni upi?

MpakiaMchele: Huo huo. Mobutu aliubadili 1971, yeye akaondoka 1997 na jina lake nalo. Nunueni ramani mpya.